Kwa Nini Ombi la Mkopo Hukataliwa: Somo kutoka Mwankoko

Barua ya benki inayokataa ombi la mkopo huwa fupi. Mara nyingi haizidi mistari mitano, nayo husema kuwa ombi halikukidhi vigezo, kisha humshukuru mwombaji kwa kuichagua benki hiyo. Aliyeipokea huikunja, akaitia mfukoni, na asimwambie mtu. Wengi huiona kuwa ni hukumu juu ya uaminifu wao. Lakini barua hiyo haisemi kuwa mwombaji si mwaminifu. Inasema tu kwamba suali moja au mawili kati ya yaliyoulizwa na benki hayakupata jibu la kuridhisha. Makala hii inakusudia kuyaeleza masuali hayo, ili watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wajue ni lipi lililowaangusha, kabla hawajakimbilia kwa mkopeshaji wa mtaani.

Mifano ya somo hili imechukuliwa Mwankoko, kata iliyomo katika Manispaa ya Singida, katikati ya Tanzania Bara. Msomaji wa Unguja au Pemba asiulize Mwankoko inamhusu nini. Kwanza, shughuli za benki ni miongoni mwa mambo ya Muungano, na kipimo anachopimwa nacho mkulima wa Mwankoko ndicho anachopimwa nacho mvuvi wa Nungwi au mkulima wa mwani wa Paje. Pili, maisha ya huko yanafanana na ya mashamba ya Visiwani kwa mambo matatu yanayohusu mkopo: fedha huja kwa msimu, ardhi ni ya ukoo, na mshahara wa mtumishi mmoja huwalisha watu wa nyumba tatu. Singida ni mkoa wa alizeti na vitunguu. Mvua yake ni ya msimu mmoja, huanza mwishoni mwa mwaka na kukoma Aprili au karibu yake. Basi asiyekuwa na fedha za kulimia mwezi wa Disemba hana la kuvuna mwaka mzima unaofuata.

Jambo moja lafaa kuwekwa wazi mapema, nalo ni la kadi. Kadi anayopewa mtumishi anapofungua akaunti ya mshahara, ile ya kutolea fedha mashineni, si kadi ya mkopo hata kama ina alama ya Visa au Mastercard. Hiyo hutoa fedha za mwenyewe zilizomo katika akaunti. Kadi ya mkopo hutoa fedha za benki, ambazo mwenye kadi huzilipa baadaye. Nchini Tanzania kadi za namna hii ni chache, na hupewa zaidi watu wenye mshahara wa kutosha au wenye amana iliyofungwa benki kuwa dhamana. Lakini awe mtu ameomba kadi, mkopo wa mshahara au mkopo wa kilimo, masuali anayoulizwa ni yale yale.

Na uchukuliwe mfano, uliotungwa kwa ajili ya somo hili, wa mume na mke wakaao Mwankoko. Mume ni mkulima wa alizeti, mke ni mwalimu wa shule ya msingi. Mwezi wa Novemba mume anaomba benki mkopo wa shilingi 3,000,000 za kukodi trekta, kununua mbegu na kulipa vibarua. Anakwenda mjini Singida, anakaribishwa kiti.

"Shikamoo, mzee," anasema ofisa wa mikopo, ambaye ni kijana.

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, akaunti hii tangu mwaka jana haijaingia hata shilingi. Alizeti ya mwaka huu ulimuuzia nani?"

"Nilimuuzia mnunuzi aliyekuja na lori. Alinilipa mkononi."

"Kuna karatasi yoyote?"

"Karatasi ya nini, mwanangu? Alizeti aliiona, na fedha nilizihesabu mwenyewe."

Mzee huyu hakusema uongo, na huenda alivuna magunia mengi kuliko jirani yake aliyepata mkopo. Tatizo ni kwamba benki haikopeshi kwa mavuno iliyosimuliwa. Hukopesha kwa mavuno yaliyoacha alama mahali: stakabadhi ya mnunuzi, hati ya mzani wa chama cha ushirika, taarifa ya miamala ya simu, au fedha zilizoingia katika akaunti na kutoka. Fedha iliyolipwa mkononi chini ya mwembe, ikatumika sokoni siku ile ile, mbele ya benki ni kama haikuwahi kuwepo. Kwa Waislamu hili lisiwe jambo geni, kwani aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kur-ani, iliyomo katika Suratul Baqara, inahusu deni na kuliandika.

Dawa yake haina gharama kubwa, ila yataka muda. Mkulima anayenuia kukopa mwaka ujao aanze mwaka huu kuyapitisha mauzo yake katika akaunti au katika simu iliyosajiliwa kwa jina lake mwenyewe. Anayeuza vitunguu katika soko la Misuna, mjini Singida, aombe stakabadhi hata kama mnunuzi ananung'unika. Miezi sita ya maandishi yenye mpangilio humsaidia mwombaji kuliko barua ndefu ya kujieleza.

Suali la pili ni la kumbukumbu ya madeni, na hapa ndipo wengi wanapokwama bila ya kujua. Tangu zilipotolewa Kanuni za mwaka 2012, Benki Kuu ya Tanzania ina kanzidata ya taarifa za wakopaji, na mabenki hutakiwa kupeleka humo habari za kila mkopo: nani amekopa, kiasi gani, na amelipaje. Yapo makampuni yaliyopewa leseni ya kuzikusanya taarifa hizo na kuziuza kwa wakopeshaji katika sura ya ripoti. Hivyo basi, ofisa wa mikopo wa Singida huweza kuona deni lililochukuliwa Dar es Salaam au Chake Chake kabla mwombaji hajamaliza kujaza fomu.

Mfano wa mzee wa Mwankoko unafaa tena. Miaka miwili iliyopita alikopa shilingi 30,000 kwa simu ili kumpeleka mtoto hospitali. Akalipa 20,000, kisha simu ikapotea, akanunua laini nyingine, na deni akalisahau. Lakini mikopo mingi ya simu, pamoja na udogo wake, hutolewa na mabenki kwa kupitia mitandao ya simu. Ni mikopo ya benki kamili. Kwa taratibu za Benki Kuu, deni lililopitisha siku 90 bila ya kulipwa huhesabiwa kuwa chechefu, na likipita siku 360 huwekwa katika fungu la hasara. Ripoti haitofautishi baina ya aliyekimbia na aliyesahau. Shilingi 10,000 zilizosahauliwa zinaweza kuziba njia ya shilingi 3,000,000.

Kadhalika aliyemdhamini mwenziwe ajue kuwa ameweka sahihi yake katika deni. Mkopaji akishindwa, mdhamini hudaiwa, na baadhi ya watumishi hukataliwa mikopo yao kwa sababu ya sahihi waliyoitia kwa kumwonea haya shemeji.

Habari njema ni kwamba mwenye taarifa anayo haki ya kuiona ripoti yake na kudai isahihishwe ikiwa ina kosa. Makosa hutokea, na hasa ya majina: kitambulisho cha NIDA kinasema hivi, akaunti inasema vile, na cheti cha kuzaliwa kina jina la babu lililoandikwa kwa herufi nyingine. Mwenye majina matatu katika karatasi tatu ayalinganishe kwanza, na hilo halihitaji benki.

Suali la tatu ni la uwezo wa kulipa, na hili linawahusu watumishi wa Serikali kuliko watu wote. Mume alipokataliwa, mke alisema: "Baba Asha, mimi nina mshahara, ngoja nijaribu." Naye akakataliwa. Sababu yake ilikuwa nyingine kabisa, na yafaa ihesabiwe kwa tarakimu.

Na tuseme mshahara wake wa msingi ni shilingi 900,000 kwa mwezi. Mfuko wa hifadhi ya jamii hukata asilimia 5, yaani 45,000. Bima ya afya asilimia 3, yaani 27,000. Kodi ya mapato, kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, ni 91,750. Alisoma kwa mkopo wa elimu ya juu, na marejesho yake ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 135,000. Chama cha wafanyakazi huchukua asilimia 2, yaani 18,000. Jumla ya makato ni 316,750, na zinazobaki ni 583,250. Sasa, utaratibu wa utumishi unataka mtumishi asipungukiwe na theluthi moja ya mshahara wake wa msingi mkononi, ambayo kwake ni 300,000. Kwa hiyo nafasi ya mikopo yote aliyonayo ni 283,250 kwa mwezi, na hapo haizidi hata shilingi moja. Mwalimu huyu alikuwa na mkopo wa awali wa kujengea, unaokatwa 210,000 kila mwezi. Nafasi iliyobaki ni 73,250. Mkopo mpya wa 3,000,000 kwa miezi 24 ungehitaji 125,000 kwa mwezi kabla ya riba. Haukuweza kupita, hata kama meneja wa benki angekuwa mjomba wake.

Watumishi wengi huilaumu theluthi hii kuwa ni kikwazo. Imewekwa ili mtumishi asifike mwisho wa mwezi na karatasi ya mshahara isiyo na kitu, akaja kazini kwa miguu na kuanza kuuza vitu vya ofisi. Mtumishi wa Visiwani hukatwa na mifuko yenye majina mengine, kama vile ZSSF, na viwango vyake hutofautiana. Lakini anaweza kuikaa hesabu hii kwa karatasi yake mwenyewe ya mshahara kabla ya kupanga foleni benki. Akiona nafasi ni ndogo, aombe kiasi kidogo au muda mrefu zaidi, au asubiri mkopo wa kwanza umalizike. Kuwasilisha ombi ambalo hesabu yake inajulikana kuwa haipiti ni kujitafutia barua ya mistari mitano.

Kwa mkulima uwezo wa kulipa hupimwa kwa njia nyingine, na hapo mabenki nayo yana sehemu yao ya lawama. Mkopo wa kawaida hutaka marejesho kila mwezi. Alizeti iliyopandwa Disemba huvunwa Mei au Juni. Mkulima anayeahidi kulipa kuanzia Januari anaahidi asichonacho, na ofisa anayejua kazi yake humkatalia. Ipo mikopo iliyopangwa kufuata msimu, na mwombaji aitaje kwa jina anapoomba. Benki ya Maendeleo ya Kilimo, iliyoanza kazi mwaka 2015, ina mpango wa kuyadhamini mabenki mengine yanapowakopesha wakulima wadogo. Mwezi wa Julai 2021 Benki Kuu ilitangaza shilingi trilioni 1 za kuyakopesha mabenki kwa riba ya asilimia 3, ili nayo yakopeshe kwa riba isiyozidi asilimia 10, kilimo kikiwa mlengwa mkuu.

Suali la nne ni la dhamana. Mzee wa Mwankoko alitaja shamba la ekari kumi. Shamba lipo, mipaka inajulikana na majirani wote, lakini ni la ukoo na halina hati. Kule Bara, Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999 zimetoa njia ya kupata hati, pamoja na ile ya hakimiliki ya kimila kwa ardhi ya kijiji. Baadhi ya mabenki huipokea hati ya kimila na mengine huiogopa, kwa sababu kuuza shamba la kijijini mkopaji aliposhindwa si kazi nyepesi. Wenye eka tatu Unguja na Pemba wanalijua jambo hili kwa upande wao: aliyegaiwa shamba baada ya Mapinduzi ya 1964 hakupewa ruhusa ya kuliuza, na kisichouzika hakiwi dhamana.

Akiweka nyumba badala ya shamba, mkopaji wa Bara aliyeoa atahitaji ridhaa ya mkewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa kuwekwa rehani bila ya idhini ya mwenza. Fomu nyingi hurudishwa kwa upungufu huu mmoja. Wako wanaume wanaoona ni aibu kumwomba mke sahihi. Lakini aibu hiyo ni ndogo kuliko ya mke kujua habari za rehani kwa dalali aliyekuja kubandika tangazo mlangoni.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mabenki yamekuwa na masuali mengi hivi. Mwaka 2017 mikopo chechefu nchini ilizidi asilimia 10 ya mikopo yote, hali ya kuwa kiwango kinachotakiwa na Benki Kuu hakizidi asilimia 5. Mabenki yalikaza kamba, na mikopo chechefu ikashuka. Wenye karatasi pungufu ndio waliobanwa kwanza. Hata hivyo, kukataliwa kwa leo kuna unafuu mmoja kulinganisha na kwa zamani. Katika Tanganyika ya Waingereza, sheria ya mwaka 1931 iliweka vizuizi juu ya kumkopesha Mwafrika, na sababu ilikuwa ni Uafrika wake tu, ambayo hakuweza kwenda nyumbani akairekebisha. Zanzibar nako, amri za mwaka 1934 juu ya ardhi na madeni zilitolewa kwa sababu wakulima wa karafuu walikuwa wamezama katika rehani.

Wenye jamaa Marekani husikia nao wakilalamika kwamba wamenyimwa kadi ya mkopo ilhali wana kazi nzuri. Huko mtu hupewa alama, na alama zinazotumika sana, za FICO zilizoanza mwaka 1989, huenda kutoka 300 hadi 850. Asilimia 35 ya alama hutokana na historia ya kulipa kwa wakati, na asilimia 30 hutokana na kiasi cha deni alilonalo mtu. Mgeni aliyeshuka jana kutoka Zanzibar hana historia yoyote. Faili lake ni tupu, na faili tupu hukataliwa karibu sawa na faili bovu. Wengi huanza kwa kadi yenye amana, wakatumia kidogo na kulipa yote kila mwezi, mpaka faili likapata maandishi. Sheria ya huko humlazimu mkopeshaji kumweleza aliyekataliwa sababu hasa, au kumjulisha kuwa ana haki ya kuziuliza.

Yanarudi sasa ya Mwankoko. Mume amekataliwa, mke amekataliwa, na mvua ya kwanza imenyesha. Jioni anakuja kijana wa pikipiki mwenye fedha taslimu. Hataki karatasi. Anatoa shilingi 500,000, zirudi 650,000 baada ya mwezi mmoja. Anachotaka ni kadi ya benki ya mwalimu pamoja na namba ya siri. Watu wameiita mikopo hii kausha damu, na jina limestahiki. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni wasiopokea amana. Kwa shilingi 500,000 hiyo ni 17,500, wala si 150,000. Aidha, mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha bila ya leseni. Anayetoa kadi yake na namba ya siri ameukabidhi mshahara wote, pamoja na theluthi ile aliyolindiwa.

Njia nyingine zilikuwepo kabla ya kijana wa pikipiki. Chama cha akiba na mikopo humkopesha mwanachama kwa kuangalia akiba yake na wadhamini wanaomjua, na kikundi cha kijamii cha kukopeshana kilichosajiliwa kinaweza kutoa fedha za mbegu hata kama hazitoshi trekta. Halmashauri za Bara hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Ekari nne zilizolimwa kwa fedha za kikundi, mavuno yake yakapita katika akaunti, ndizo zitakazomjibia mzee yule mwakani.

Aliyekataliwa na benki, basi, arudi kwa ofisa wa mikopo ndani ya siku chache na kumwuliza kwa maneno haya: ni kipi kati ya kumbukumbu ya madeni, mapato, makato, dhamana au vielelezo kilichopungua? Aombe jibu kwa maandishi. Ikiwa ni kumbukumbu ya madeni, aombe ripoti yake na kuisoma mstari kwa mstari. Deni akilikuta ni lake, alilipe na kudai barua ya kuthibitisha kuwa limekwisha, kisha baada ya muda ahakikishe kuwa kanzidata nayo imerekebishwa. Deni lisipokuwa lake, aandike malalamiko kwa benki husika, akitaja tarehe, tawi na namba ya akaunti, na abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Benki isipomridhisha, Kanuni za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinamruhusu kulipeleka lalamiko Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ina matawi katika baadhi ya miji ya Bara, na Unguja pia. Nakala ile yenye muhuri ndiyo itakayoulizwa kwanza.